Aliyekutandikia kitanda melini

Haya jamani tuanze, nyuma huko mnanisikia eeh? Sawa. Leo siongelei ukubwa wa meli za kitalii wala swimingpuli zake, hayo matangazo yanatosha, nataka tuongelee siku moja tu ambayo abiria haioni kabisa, siku ya kushusha na kupakia.

Asubuhi meli inafunga gatini, abiria wanashuka na masanduku, wengine wamenuna likizo imeisha, na mchana huohuo wapya wanaanza kupanda. Hapo katikati ni masaa machache. Sasa chukua Icon of the Seas iliyoanza safari 2024, ikijaa ni abiria kama 7,600 na wafanyakazi 2,350 hivi, piga hesabu mwenyewe mashuka mangapi, vyoo vingapi. Mhudumu wa vyumba anaingia, anavua mashuka anayabwaga koridoni, anapiga magoti anachungulia uvunguni maana watu husahau chaja na soksi, anasugua choo, anafuta kioo, shuka jipya, anakaza kona, katoka, mlango unaofuata. Na kule chini kwenye koridoo ndefu ya wafanyakazi, meli nyingi wanaiita I-95 kama ile barabara kuu ya Marekani, mizigo ya chakula inapishana, ukizubaa katikati utapigiwa kelele.

Na kesho yake hakuna ofu. Mkataba wa miezi sita mpaka tisa ni kawaida, siku saba kwa wiki. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika 2013, kipimo chake cha mapumziko ni angalau masaa 10 ndani ya masaa 24, na hayo yanaweza kukatwa vipande viwili mradi kimoja kisipungue masaa 6. Sasa humohumo kwenye sita ulale, uoge, ufue, na mtoto nyumbani anasubiri simu. Hapo ni sheria ikifuatwa lakini!

Halafu yule weita wa supu, mafunzo ya usalama amepitia, king'ora kikilia anaacha sinia, anavaa laifujaketi, anakwenda kituo chake kukuonyesha wewe njia ya kwenda kwenye boti. Ndo maana mi nakereka mtu akisema "si wahudumu tu wale".

Mnakumbuka ile meli ya kitalii Diamond Princess, Februari 2020, Yokohama kule Japani? Watu 3,711 ndani, abiria wakaambiwa wasitoke vyumbani kisa korona. Chakula nani alikuwa anakipeleka mlangoni? Wafanyakazi haohao, ambao wenyewe walikuwa wanalala zaidi ya mmoja kwenye kijichumba na kula pamoja. Walioambukizwa walipita 700, na wao wamo.

Jina la huyo anayekuhudumia liko kwenye beji pale kifuani. Mkipewa fomu ya maoni mwisho wa safari liandikeni, bosi wake anazisoma zile. Haya, maswali, naona mkono pale mbele.