Kazi Huamuliwa Kabla ya Kamera Kufunguliwa: Mpigapicha Mwenye Ulemavu na Riziki ya Kujitegemea

(Mhadhara uliotolewa mjini Kisumu mbele ya wapigapicha chipukizi wenye ulemavu, wazazi wao na walimu wao)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliosafiri kutoka Siaya, Vihiga na Homa Bay, na ninyi vijana ambao ndio hasa mliofanya niitwe hapa, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu mwenye ulemavu anavyoweza kuishi kwa kazi ya kupiga picha bila kuajiriwa na mtu. Nitasema jambo moja, kisha nitalifafanua kwa kadiri ya muda niliopewa: kwa mpigapicha mwenye ulemavu, kazi huamuliwa kabla ya siku ya kazi. Siku yenyewe, harusi ikishaanza au jeneza likishatolewa nyumbani, hakuna tena nafasi ya kuulizia njia isiyo na ngazi, ya kutafuta mtu wa kubeba mkoba, wala ya kubishana juu ya malipo. Yote hayo yawe yamekwisha kuzungumzwa, kuandikwa na kulipiwa. Wenzetu wasio na ulemavu nao hufaidika na maandalizi ya namna hiyo, lakini wao wakiyakosa huweza kuziba pengo kwa kukimbia huku na huko. Sisi tukiyakosa, picha hukosekana.

Wengi wenu mmelisikia jina la Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa alipokuwa kazini, akapoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme, akarejea kazini, na akaendelea hadi alipofariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Anaposimuliwa husifiwa kwa ushupavu, na ushupavu alikuwa nao kweli. Mimi hupenda kuwaonyesha vijana jambo jingine katika maisha yake. Kampuni yake ya picha, Camerapix, aliyoianzisha Dar es Salaam mwaka 1963, ilikuwa na umri wa karibu miaka 30 mlipuko ulipotokea. Alikuwa na watu wa kufanya nao kazi, wateja waliomjua na jina lililofungua milango. Mkono ulipopotea, kazi ilikuwa imekwisha kupangwa kiasi cha kumsubiri arudi. Kijana anayeanza leo akiwa na ulemavu hana mpango huo nyuma yake, hivyo sharti aujenge mwenyewe tangu mwanzo, kidogo kidogo, na ndiyo maana leo nitazungumza zaidi juu ya nauli na mikataba kuliko juu ya moyo wa kutokata tamaa.

Tuanze na mwili na kamera. Karibu kamera zote zinazouzwa leo zimeundwa kwa ajili ya mkono wa kulia: kishikio kiko kulia, na kitufe cha kupigia kiko kulia. Haikulazimika kuwa hivyo. Kamera ya Exakta iliyotolewa Ujerumani mwaka 1936 ilikuwa na kitufe chake upande wa kushoto, na watu waliifanyia kazi nzuri. Kwa kuwa viwanda vilifuata njia nyingine, mwenye udhaifu katika mkono wa kulia anaweza kuifunga kamera kwenye tripodi, yaani kishikizo cha miguu mitatu, au monopodi ya mguu mmoja, kisha apige kwa rimoti au kwa programu ya simu, ambayo watengenezaji wengi wa kamera huitoa bure. Uzito nao upimwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi wa kupitishia mwanga wa f/2.8, mara nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo moja na kilo moja na nusu, ilhali lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8 ina gramu 160 tu, na kwa mtu mwenye misuli dhaifu tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama atafika jioni akiwa bado anapiga picha. Mwenye uoni hafifu anaweza kutegemea kamera za siku hizi ambazo hulitafuta zenyewe jicho la anayepigwa picha na kulifuata anapotembea. Kiziwi anaweza kukubaliana mapema na mshereheshaji juu ya ishara za mkono: ishara ya pete, ishara ya keki, ishara ya wazee kuitwa mbele.

Mimi hutumia kiti cha magurudumu. Kwenye bomba la kiti, upande wa kushoto, nimefunga kibano cha chuma chenye mkono unaokunjika, na kamera hukaa juu yake usawa wa kifua changu. Skrini yake hufunguka kuelekea juu, kwa hiyo sihitaji kuinua kamera hadi jichoni, na mikono yote miwili hubaki huru kusukuma magurudumu. Bibi harusi akikaribia, nazungusha komeo moja, kamera inaachia, naishika, napiga, kisha nairudisha mahali pake. Kibano hicho ni cha watu wa filamu wanaokitumia kushikia taa; aliyekikata na kukirekebisha ili kilitoshe bomba la kiti ni fundi wa jua kali wa kuchomelea vyuma. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu vifaa vinavyotangazwa kuwa ni vya watu wenye ulemavu mara nyingi huwa ghali mno, na fundi wa mtaani akielezwa vizuri, akaruhusiwa kupima na kujaribu mara mbili tatu, hutoa kitu kinachokufaa wewe hasa.

Baada ya kifaa ni mahali, na hapa ndipo ninapoona kazi nyingi zikiharibika. Kisumu iko karibu sana na ikweta. Jua la saa sita huwaka moja kwa moja utosini, likaacha vivuli vyeusi katika macho ya watu, na huo ndio wakati ambao watu hutoka kanisani na kutaka picha za familia. Mpigapicha anayetembea bila shida atawaongoza maharusi hadi kwenye mti ulio mbali. Sisi tunahitaji kivuli kilicho karibu, kwenye ardhi tambarare, na kivuli hicho hutafutwa wiki moja kabla. Jioni nayo haisubiri: jua huzama katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na mwanga ule mzuri hupita upesi. Asiyekuwa tayari mahali pake saa kumi na mbili hataupata akifika akihema.

Halafu kuna mazishi, ambayo katika ukanda wetu ni kazi kubwa kama harusi na mahafali, na ambayo nayaheshimu kuliko kazi nyingine yoyote, kwa kuwa familia hubaki na picha zile kwa vizazi. Katika uwanda wa Kano udongo ni mweusi na wa mfinyanzi. Mvua ya alasiri ikinyesha hunata, magurudumu madogo ya mbele ya kiti huzama, na hakuna ushupavu utakaoyazamua wakati watu wanaelekea kaburini. Kwa hiyo huwaomba wenye boma wanipigie kwa simu picha za njia, kutoka langoni hadi mahali palipochimbwa, na huomba mbao mbili ndefu za kulaza juu ya udongo. Huuliza pia rangi ya hema. Chini ya turubai la buluu nyuso za watu hugeuka buluu, na kusahihisha jambo hilo kwenye kompyuta ni kazi ya usiku kucha ambayo mara nyingi haikamiliki; hema likiwa jeupe, au familia ikiketishwa pembeni ambako mwanga wa nje unafika, tatizo limekwisha kabla halijaanza. Mwenye boma mmoja aliniambia kwamba hakuwahi kumwona mpigapicha anayeulizia mahali pa kaburi kabla ya kuulizia malipo yake, na tangu siku hiyo kazi za ukoo wake huja kwangu.

Sasa bei, jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja. Tuseme mpigapicha mwenzako anatoza shilingi 20,000 kwa harusi ya siku nzima. Yeye atapanda bodaboda na kubeba mkoba wake mwenyewe. Wewe utahitaji tuktuk ya kukusubiri, tuseme kwa shilingi 3,000, maana ukipanda matatu wapo makondakta watakaokitoza kiti chako nauli kana kwamba ni gunia la mahindi. Na utahitaji msaidizi, tuseme wa shilingi 2,000. Ukitoza zile 20,000, umetoa shilingi 5,000 mfukoni mwako ili uruhusiwe tu kufika kazini. Ukifanya hivyo mwaka mzima, utaufunga mwaka ukiwa umechoka na huna akiba ya lenzi, kisha watu waseme kwamba kazi hii haiwafai watu wenye ulemavu.

Gharama hiyo iingie katika bei. Katika ankara iandikwe kwa jina lake la kawaida, yaani usafiri na msaidizi, kama anavyofanya kila mfanyabiashara mwenye gharama. Na ili mteja aone anachokilipia, msaidizi afundishwe. Huyo msaidizi asiwe binamu aliyekuja kwa sababu hana shughuli siku hiyo. Awe mtu anayelipwa, anayejua kubadilisha kadi na betri, anayejua kushika kamera ya pili na kupanda jukwaani ambako wewe hufiki. Hapo mteja anapata picha za pande mbili kwa wakati mmoja, na shilingi elfu tano za ziada huwa na maelezo ambayo hata mteja mgumu huyakubali. Nusu ya malipo itangulie kwa M-Pesa kabla ya tarehe kushikwa, na salio lilipwe kabla ya picha kamili kukabidhiwa. Atakayekuambia kwamba anakupa kazi ili akusaidie, na kwa hiyo umpunguzie, mshukuru kwa adabu na umtajie bei ileile. Nawasihi wazazi hapa msiingilie kati kuwaombea watoto wenu kazi kwa kutaja hali zao. Pelekeni picha zao, zikaangaliwe zenyewe.

Kuhusu serikali nitapita kwa haraka, kwa kuwa walimu wenu wanaweza kuwasaidia zaidi. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufikia ipasavyo mahali pote na vyombo vya usafiri wa umma, na mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003. Jiandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwenye kadi ya Baraza anaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi, ambacho humwondolea kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi; lakini cheti hicho hakimwondolei wajibu wa kuwasilisha ripoti yake ya kodi kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka. Vilevile asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Serikali za kaunti huhitaji picha za uzinduzi, za mikutano na za miradi. Sajilini biashara zenu ili kazi kama hizo zikitangazwa muwe na karatasi za kuziombea.

Nimeiacha hakimiliki mwishoni kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko mengine yote. Dorothea Lange wa Marekani aliugua polio akiwa na umri wa miaka 7, akabaki akichechemea maisha yake yote. Mwaka 1936, huko California, alimpiga picha mama mmoja kibarua wa mashambani akiwa na watoto wake, na picha ile imekuwa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani. Kwa kuwa alikuwa akiifanyia kazi idara ya serikali, picha ilikuwa mali ya umma, na matumizi yake yote tangu hapo hayakumletea malipo. Hapa kwetu, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kwamba mtu akikuagiza kazi, hakimiliki ya kazi hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ukinyamaza, umetoa. Ukiandika, unabaki na mali ambayo sheria huilinda kwa miaka 50.

Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi. Kuna majira ambayo mwili hukataa kutoka nyumbani, kuna wiki za hospitali, na kuna miezi ya mvua ambayo njia hazipitiki. Picha za zamani, za ziwa, za mwamba wa Kit Mikayi, za wavuvi wa ufuo wa Dunga, za soko la Kibuye siku ya Jumapili, zinaweza kuuzwa tena kwa mchapishaji au kwa hoteli wakati wewe umelala kitandani, mradi ziwe zako. Kumbukeni tu kwamba kumiliki picha hakukupi ruhusa ya kuuza sura ya mtu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 aliyepigwa picha ana haki ya kuulizwa, na aulizwe yeye mwenyewe, kwa maneno au kwa lugha ya ishara, wala si mtu anayekisukuma kiti chake.

Kabla sijamrudishia mwenyekiti kipaza sauti, fungueni simu zenu mwandike maneno haya, myaweke katika kila makubaliano pamoja na tarehe na sahihi za pande zote mbili: "Hakimiliki ya picha zote zitakazopigwa katika kazi hii inabaki kwa mpigapicha. Mteja anaruhusiwa kuzitumia kwa shughuli zake na za familia yake bila kikomo cha muda. Matumizi yoyote ya kibiashara, ya mteja au ya mtu mwingine, yatahitaji idhini ya maandishi na malipo yatakayokubaliwa." Nitarudia polepole kwa ajili ya mkalimani wa lugha ya ishara, kisha nitajibu maswali.