Hichi ya kugawa uzito: pimeni mbele jamani, sio nyuma

Wazee wangu shikamooni, mafundi na madereva wenzangu habari za mchana, na nyie vijana mlioziacha bodaboda hapo nje mkaja kusikiliza, asanteni sana. Nimeombwa niongee kuhusu hichi ya kugawa uzito, yaani kile kiungo cha chuma kinachounganisha gari na karavani, zile nyumba za kukokota zenye vitanda na jiko ndani, maana siku hizi wageni wanazipitisha hapa Kigoma wakielekea Katavi kwa njia ya Uvinza na Mpanda, na baadhi yetu tunaitwa kuziendesha au kuzitengeneza. Lakini hata kama we unavuta tela la boti kutoka Kibirizi haya yanakuhusu, fizikia ni ileile.

Naanza na kitu ambacho wote mmekiona. Mtu anapandisha baiskeli mlimani, kwenye keria kafunga madumu matatu ya mawese. Gurudumu la mbele linafanyaje? Linainuka! Ndio maana mnamuona kaukandamiza usukani kwa nguvu zote, akiuachia tu baiskeli inakaa kitako. Mzigo uko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwahiyo haukandamizi nyuma peke yake, unanyanyua na mbele. Gari yako ukiipachika karavani inafanya hivyohivyo, ila kwa sababu ni nzito tairi za mbele haziachi ardhi, basi we unadhani ziko salama.

Twende kwenye hesabu kidogo, msinikimbie. Karavani ina kilo 1500. Shingo yake, ile inayokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari, inatakiwa ibebe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, tuseme kilo 180. Kutoka ekseli ya nyuma ya gari mpaka kwenye tufe ni mita 1.2, na kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3. Zidisha 180 kwa 1.2 unapata 216, gawa kwa 3, ni 72. Hizo kilo 72 zimeondoka kwenye tairi za mbele, na zimeenda wapi, zimehamia nyuma, kwahiyo we umeweka 180 lakini ekseli ya nyuma inabeba 252. Na mbele ndiko kwenye usukani, ndiko breki inakofanya kazi kubwa, na taa nazo zinaangalia juu zinampiga machoni anayekuja.

Sasa sisi tunafanyaje? Tunaona gari imekaa chini nyuma, tunapeleka gereji, fundi anaongeza majani ya springi. Nyuma inanyanyuka, gari inaonekana imenyooka, tunalipa tunaondoka. Mi mwenyewe niliongezewa springi hivyo, nikavuta tela la kilo kama elfu moja na mia tano nikitokea Kasulu kushuka kuja Kidahwe, mvua imetoka kunyesha, nakata kona gari inaendelea kwenda moja kwa moja kama usukani haujaunganishwa na kitu, nikaachia mafuta taratibu tairi zikaja kushika nikiwa nimeshaingia upande wa pili wa barabara. Mungu alisaidia hakukuwa na basi linalopanda. Nilikaa pembeni pale dakika nyingi mikono inatetemeka. Na sikuelewa kosa mpaka nilipokuja kuielewa hii hesabu: springi inanyanyua bodi tu, haihamishi uzito, zile kilo 72 bado hazijarudi mbele hata uweke majani kumi.

Kinachozirudisha ni hii hichi. Ina kichwa kinachobeba tufe, na kwenye kichwa zinaingia fito mbili za chuma cha springi zinazorudi nyuma chini ya shingo ya karavani, huko mwisho zinavutwa juu kwa minyororo. Fikiria toroli. Ungekuwa unaweza kuchomeka mikono ya toroli nyuma ya gari halafu unyanyue, mbele ya gari ingeshuka, si ndio? Fito ndio mikono ya toroli na mnyororo ndio wewe unayenyanyua. Kwenye mfano wetu, kama ekseli ya karavani iko mita 4 kutoka kwenye tufe, ukikaza mpaka zile 72 zote zirudi mbele, basi kama kilo 42 zinahamia kwenye tairi za karavani yenyewe, na ekseli ya nyuma ya gari inabaki na nyongeza ya kama 138 badala ya 252. Jumla haijapungua hata kilo moja, naomba hilo mlishike, kama gari yako inaruhusiwa kuvuta tani moja na nusu hii hichi haikufanyi uvute tani mbili.

Kufunga sasa. Tafuta sehemu tambarare kabisa, sio pale panapoonekana tambarare. Pakia kila kitu kama siku ya safari, maji kwenye tangi, mafuta, abiria wakae ndani kama watakuwepo, maana ukipima gari tupu umepima gari nyingine. Mizigo mizito ya karavani ikae mbele kidogo ya ekseli yake, pale chini, sio kule mwisho, kwasababu shingo ikiwa nyepesi karavani inaanza kuchezesha mkia na hakuna hichi itakayokuponya hapo. Uzito wa shingo upime, usikisie, ile mizani ya chini wanayopimia magunia ya dagaa inatosha kabisa, weka shingo juu yake karavani ikiwa imelala sawa.

Halafu chukua tepu. Kabla hujapachika, pima kutoka ardhini mpaka ukingo wa madigadi juu ya katikati ya tairi ya mbele, andika. Andika na ya nyuma. Pachika karavani bila fito, pima tena. Tuseme mbele ilikuwa sentimita 90 sasa ni 93, imepanda 3. Hiyo 3 ndio ugonjwa, na ndiyo unayoitibu. Ukishafunga kikombe, kile cha mwisho wa shingo kinachofunika tufe, na kuweka pini yake, nyanyua shingo kwa jeki ya karavani, na nyuma ya gari inapanda pamoja nayo, hapo fito zinakuwa hazina nguvu na mnyororo unaunasa kwenye pete unayotaka bila kushindana. Nawaomba sana vijana, msilazimishe fito kwa bomba refu huku gari imekaa chini, ile fito ikichomoka inarudi kwa nguvu inayovunja mfupa wa mkono. Na usisimame kwenye njia yake.

Shusha jeki, pima mbele. Imerudi 91.5? Umerudisha nusu. Watengenezaji wengine wa magari wanataka nusu, wengine wanataka irudi karibu yote, kitabu cha gari ndicho kinachosema, na najua vitabu vyetu vingi vimekuja na magari kutoka Japani vimeandikwa kijapani, tafuteni mtu awasomee, ni kazi ya siku moja. Ila isishuke chini ya ile 90 ya mwanzo. Hapo umeibia nyuma uzito, na gari yenye nyuma nyepesi ikiwa inasukumwa na karavani mteremkoni inageuka mzima mzima. Haijatosha, sogeza pete moja ya mnyororo upime tena. Pete zikikuishia, inamisha kichwa cha hichi kwa kuongeza washa, vile vibapa vya chuma vyenye tundu, kwenye pini yake. Hii kazi ina kwenda na kurudi, mara nne tano kawaida, msikate tamaa.

Mzee mmoja hapa mbele ameuliza fito zote si sawa tu. Hapana baba, zina viwango. Fito ngumu kuliko uzito wa shingo yako inaumiza fremu ya karavani kwenye mashimo, laini sana inapinda tu na haihamishi kitu. Chagua kwa uzito uliopima kwenye ile mizani ya dagaa. Na kuna magari ambayo mtengenezaji amekataza kabisa hii hichi, na kuna karavani zenye breki ya kusukumwa, ile inayojikamata gari linapopunguza mwendo, baadhi hazielewani na fito. Soma kwanza kibao cha breki.

Na kwa barabara zetu, ukiacha lami ukaingia korongo au mtaro wenye kina, simama utoe fito. Gari ikiwa inapanda na karavani bado inashuka zile fito zinapata nguvu ambayo hazikutengenezewa. Ukirudi tambarare unazirudisha, ni dakika tano. Nati za kichwa zikaze upya baada ya kilomita za mwanzo, ukitoka hapa ukifika Uvinza unasimama kunywa chai, spana iwe mkononi.

Basi maneno yanatosha. Gari na karavani ziko nje chini ya ule mwembe, fito nimezitoa makusudi. Kaka mwenye tepu njoo mbele, na dada pale aliyekuwa anaandika njoo na daftari lako, tunaanza na tairi ya mbele kushoto.