Chombo cha Zamani Kinataka Kwenda Kabla ya Rangi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vya zamani: pikipiki, gari na zana za mafundi. Nianze na ugomvi wangu kabisa. Siku hizi mtu akirithi Vespa ya babu yake huipiga rangi nyekundu, akaing'arisha, akaiegesha watu wapigie picha. Ukiipiga kiki, kimya. Vitu vya asili alivyovitoa vimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nasema chombo kilichoundwa kwenda, heshima yake ya kwanza kiende.

Na Vespa inastahiki heshima hiyo. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilikuwa kikiunda ndege mpaka kikapigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Hati ya ubunifu wa Vespa iliombwa Aprili 1946. Asiyeamini kuwa ni kazi ya mtu wa ndege ainame atazame gurudumu la mbele: limeshikwa upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege. Kwa hivyo huna haja ya kuchomoa ekseli. Unafungua nati, gurudumu linatoka. Rimu yenyewe ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Toa upepo wote kwanza, tafadhali, halafu vitenganishe, na mpira unatoka bila ya kupigana nao kwa vyuma. Spea moja inakaa mbele, inakaa na nyuma.

Mnyororo haina. Injini inazungusha gurudumu la nyuma kwa gia moja kwa moja, tena imefunikwa. Mtu anakwenda kusali Ijumaa na kanzu nyeupe, anarudi nayo nyeupe. Sidhani D'Ascanio aliwahi kufikiria kanzu, lakini sisi katika vichochoro vya Mji Mkongwe tumefaidika.

Ubaya wake uko hapo hapo penye uzuri wake. Bodi ya Vespa ndiyo fremu yake. Ni bati lililokunjwa na kuchomelewa. Pikipiki nyengine ikiota kutu kwenye madigadi unabadilisha madigadi. Vespa ikioza sakafu, pale unapoweka miguu, imeoza uti wa mgongo. Na sisi tunaishi na chumvi. Chombo kimevuka na boti kutoka Pemba, kimerushiwa maji ya bahari, kikifika kinaachwa juani kikauke. Kimwagieni maji matamu siku hiyo hiyo, na chini pia.

Ukienda kununua, usitazame rangi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe sakafuni na pembeni. Panaponata pana bati. Isiponata, pana puti, ule udongo wa kuzibia matundu ya bati, na chini ya puti huenda hapana kitu. Ng'oa na ile mipira ya kukanyagia kama mwenyewe ataridhia, maana maji hulala chini yake. Akikataa, hilo nalo ni jawabu.

Zile kongwe zenye platini, kile kifaa kinachofunga na kufungua umeme wa plagi, zina raha yake. Nafasi ya platini ni baina ya milimita 0.3 na 0.5, na mafundi wetu wengi wanaipima kwa kipande cha kadi. Wanapatia. Lakini fundi huyo akifariki, kipimo kinakwenda naye. Kaeni naye na daftari. Piga picha kabla hujafungua kitu, andika waya gani ulikuwa wapi, na kile kifaa kibovu cha asili usikitupe, kwa sababu ndicho atakachotazama mchongaji ukitaka kuchongewa kingine.

Kwenye zana nitakuwa mfupi, ingawa ndiko moyo wangu uliko. Nendeni Nungwi wanakounda majahazi, mkamtazame fundi na keke. Mkono mmoja unakandamiza kichwa chake, wa pili unavuta uta mbele na nyuma, kamba inazungusha ncha. Tundu linatangulia ndipo msumari ufuate, ubao usipasuke. Pwani pale haihitaji umeme, na fundi anauhisi mti unavyobadilika mkononi mwake. Keke na tezo hazijawa za makumbusho bado. Anayetaka kuzihifadhi ampelekee fundi kazi.

Gari za mbao nazo ni hivyo hivyo. Lori lilikuja na kichwa na chesisi, sisi tukalijengea bodi ya mbao, mabenchi yakatazamana, mizigo ikapanda juu. Mnaotafuta gari ya kizamani yenye asili ya Unguja, mnaizungumzia hiyo. Useremala wake una thamani sawa na injini, na sijui kwa nini anayenunua injini hung'oa mbao akazifanya kuni.

Sasa tutatoka uani, kuna vyombo vinatungoja. Neno moja kwa mafundi: viatu vya breki vya zamani vingi vilitiwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni linaleta saratani, hata baada ya miaka mingi. Najua mazoea yetu, unafungua kasha unapuliza kwa mdomo. Leo atakayefungua breki alowanishe kwanza, afute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa akitie mfukoni mwa plastiki afunge. Compressor ile ya kupulizia upepo iliyopo pale pembeni nimeomba izimwe, isirushe vumbi hilo.