Kanuni ya Data Ikae Kwenye Modeli, Siyo Kwenye Fomu

Hamjambo nyote. Wengine mmetoka Rongai, wengine Thika Road, na jam ya jioni hii mmeionja, kwa hivyo sitawazungusha. Nataka tuzungumzie modeli za Django, zana ya kutengeneza programu za wavuti kwa lugha ya Python, na jinsi zilivyoboreshwa toleo baada ya toleo. Modeli ni maelezo ya data yako ndani ya programu. Ukisoma orodha za mabadiliko utadhani ni viraka tu. Mimi naona mwelekeo mmoja: kanuni za data zimekuwa zikishuka kutoka kwenye fomu hadi kwenye modeli, na sasa ziko ndani ya hifadhidata yenyewe.

Tuchukue sacco ya matatu, yaani ushirika wa wenye magari ya abiria. Mwandishi wa programu ameweka ukaguzi kwenye fomu ili gari lisisajiliwe mara mbili. Karani mmoja anaandika namba ya gari KDA 123A, mwenzake anaandika kda 123a, wa tatu anabananisha KDA123A. Barabarani ni gari moja. Kwenye mfumo ni magari matatu, kila moja na deni lake, na mwenye gari akija kudai hesabu yake hakuna wa kumjibu.

Sasa kuna jambo ambalo hata waliozoea Django husahau: save, ile amri ya kuhifadhi, haikagui modeli. Ukaguzi huendeshwa na fomu, au na wewe ukiita full_clean. Ukipakia magari kutoka faili la Excel kwa bulk_create, inayohifadhi rekodi nyingi kwa mkupuo, save haiitwi kabisa, hata ile uliyoiandika upya kwa ustadi wako wote. Askari umemweka langoni, na watu wanapita kwenye ua.

Dawa ilianza kupatikana kwenye toleo la 2.2, Aprili 2019, tulipopewa UniqueConstraint, kanuni ya upekee inayokataa rudufu, na CheckConstraint, kanuni ya sharti ambalo kila rekodi lazima ilitimize. Unaiandika kanuni ndani ya modeli, migresheni, faili la mabadiliko ya hifadhidata, inaipeleka kwenye hifadhidata, na hapo hakuna njia ya kuikwepa. Toleo la 4.0, Desemba 2021, likaruhusu upekee upimwe juu ya fomula: geuza herufi ziwe kubwa, ondoa nafasi, kisha linganisha. Wale makarani watatu sasa wanagonga ukuta mmoja. Na 4.1, Agosti 2022, ikafanya full_clean isome kanuni hizo hizo, kwa hivyo karani anaona ujumbe wa kueleweka badala ya ukurasa wa kosa la seva. Kwangu mimi hilo la 4.1 halisifiwi inavyostahili.

Tuje kwenye pesa. Salio la gari ni shilingi 4,000. Makarani wawili wanalisoma kwa wakati mmoja. Huyu anaongeza 500, yule 300. Kila mmoja anajumlisha kwenye Python kisha anahifadhi. Salio litakuwa 4,500 au 4,300, kutegemea nani kahifadhi mwisho. 4,800 hamtaiona. Ukitumia F, njia ya Django ya kuitaja thamani iliyo kwenye hifadhidata bila kuisoma kwanza, unaiambia hifadhidata "ongeza 500 kwenye kilichopo", nayo inapanga foleni yenyewe. F ipo miaka mingi, lakini kwenye programu ninazopewa kukagua naiona kwa nadra. Na taarifa za M-Pesa zikiingia kwenye seva yako, weka upekee kwenye namba ya muamala. Jipange ukijua kwamba taarifa moja inaweza kufika mara mbili.

Mengine nayapitia haraka. Tangu 2.0, Desemba 2017, on_delete, yaani kinachotokea kwa rekodi zinazotegemea ile inayofutwa, ni lazima uitaje. Zamani ukimfuta mwenye gari, magari na hesabu zake vilifutika naye kimyakimya. Kwa rekodi za pesa, andika PROTECT, inayokataa ufutaji huo. Na 3.2 ilileta BigAutoField, namba kubwa zaidi za kutambulisha rekodi, kwa miradi mipya, kwa sababu kitambulisho cha kawaida hukoma 2,147,483,647.

Najua swali linalokuja: data yangu tayari ni chafu, nitaanzaje? Ukiongeza kanuni ya upekee juu ya rudufu, hifadhidata kama PostgreSQL itakataa na migresheni itakwama. Kwanza orodhesha rudufu, kaa na karani aamue gari lipi ni lipi, unganisha madeni, ndipo uongeze kanuni. Msimruhusu programa aamue peke yake. Hajui gari limeuzwa kwa nani.

CheckConstraint ni nafuu zaidi. Kwenye PostgreSQL, tangu 4.0, kuna AddConstraintNotValid: kanuni inaanza kuzibana rekodi mpya na zinazobadilishwa leo leo, zile za zamani zinasubiri. Mkishasafisha, migresheni ya pili inaita ValidateConstraint, nayo inakagua zilizobaki bila kuwazuia wengine kusoma wala kuandika. Ziwekeni kwenye migresheni mbili tofauti. Mkiziweka pamoja ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani kundi la hatua zinazokamilika pamoja, kufuli la hatua ya kwanza, linalowazuia wengine kulitumia jedwali, litabaki hadi ukaguzi uishe, na matatu za kwanza zinatoka saa kumi alfajiri.

Haya, nipeni maswali.