Semeni Fedha Kabla Mtoto Hajapanda Basi

(Mhadhara kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wanaojiunga na vyuo vikuu vya Kanisa, uliotolewa parokiani baada ya Misa ya pili)

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, asante kwa nafasi hii. Kina mama wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, mlioandaa semina, asanteni. Kina baba wa UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, nimefurahi kuwaona, maana mara nyingi mambo ya watoto mnawaachia kina mama mpaka siku ya mahafali.

Ratiba niliyopewa ina mada tano: masomo, imani, malazi, afya na fedha. Fedha mmeiweka mwisho. Mimi naanza nayo. Nimekaa ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwa miaka mingi, na karibu kila mtoto aliyenipotea mikononi, ukichimba unakuta fedha iko chini kabisa. Siyo uvivu, wala akili ndogo. Fedha ambayo hakuna aliyekaa chini na mwenzake akaisema.

Nitawasimulia habari moja. Waliowahi kunisikia wataisikia tena, na nitaendelea kuisimulia mpaka ikome kutokea. Siku ya mahafali, asubuhi mapema, ilikuja familia ofisini kwangu. Walikuwa wamekodi Hiace kutoka mbali, wamelala njiani. Kina mama wameshona vitenge vya sare, bibi yupo, shangazi yupo, katibu wa jumuiya yupo kwa sababu jumuiya ilichangia safari. Wamekuja na jogoo wawili wazima kwenye tenga, zawadi ya walimu. Baba akaniambia, "Mwalimu, simu ya kijana haipatikani, na tunaona wenzake wanavaa majoho. Tusaidie tujue yuko wapi."

Nikafungua orodha ya wahitimu. Jina halipo. Nikadhani limekosewa herufi, nikatafuta kwa namba ya usajili. Nikaingia kwenye mfumo. Yule kijana alisajiliwa mara ya mwisho mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Basi. Baada ya hapo hakuna usajili, hakuna mtihani, hakuna ada iliyoingia.

Baba yake akatoa daftari mfukoni. Daftari dogo la kaunta, limekunjwa katikati. Ameandika kila kitu: tarehe, kiasi, na alichouza. Kahawa. Ndama. Kahawa tena. Kipande cha shamba la mgomba. Na kila mstari unaishia hivihivi: "nimetuma kwa simu." Nikamuuliza, "Mzee, uliwahi kuona stakabadhi ya chuo?" Akasema, "Aliniambia amelipa."

Naona mnatikisa vichwa, na najua mnachowaza: kijana mwizi, kijana wa hovyo, wa kwangu hawezi. Ngojeni kwanza. Yule kijana nilikuja kumpata baadaye, tukakaa, akanieleza ilivyoanza. Haikuanza na pombe wala wanawake. Ilianza na bumu la kwanza.

Kwa wale msiojua, bumu ni ile fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo. Ada inayolipwa na Bodi inakwenda chuoni moja kwa moja, lakini bumu mwanafunzi anasaini, linaingia kwenye akaunti yake. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Haiji kila siku. Inakuja kwa mkupuo, na mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Mtoto wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe anaona ujumbe wa benki: laki sita. Na nyumbani mnajua siku hiyohiyo, maana habari za bumu zinapita kwa kasi kwenye makundi ya simu kuliko matangazo ya ndoa.

Simu ikapigwa kutoka nyumbani. Paa linavuja. Akatuma. Wiki iliyofuata, mdogo wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango. Akatuma. Kisha mama anaumwa, na hilo nani atakataa? Akatuma. Zikabaki siku nyingi kuliko fedha. Akaanza kukopa kwa wenzake na kwa mama ntilie. Mwenye nyumba naye yuko mlangoni, kwa sababu pembeni ya vyuo vyetu wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Basi baba alipotuma ile sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia, kijana akalipa madeni kwanza, akijiambia bumu lijalo litaziba. Lakini bila kukamilisha ada hakusajiliwa. Bila usajili hakusaini bumu. Bila bumu hakuwa na cha kuziba pengo. Hapo ndipo alipotakiwa kupiga simu nyumbani. Akashindwa. Akakaa geto, yaani chumba cha kupanga, kila asubuhi anabeba begi, anatoka na wenzake, anapiga picha mbele ya ukumbi wa mihadhara, anatuma nyumbani. Na baba yake anaendelea kuuza na kutuma.

Kwa hiyo ndugu zangu, nyumbani walikula chakula cha mtoto, mtoto akala ada, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alimficha mwenzake hali yake. Mzee alificha kwamba anauza shamba, kijana alificha kwamba hajala.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, "Sasa huyu mama anataka kutufundishia watoto uchoyo. Mtoto wa Kiafrika hasaidii nyumbani?" Anasaidia. Mimi mwenyewe nilisaidia wadogo zangu. Lakini hilo bumu mnajua ni la nini? Ni chai ya asubuhi, wali maharage mchana, ugali jioni, kodi, nauli, bando la intaneti, kuchapa kazi za darasani. Na ni deni. Akianza kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Ukimwomba mtoto laki mbili za paa, unamkopa fedha aliyokopa ya kula. Kama kweli hali ya nyumbani inalazimu, kaeni naye kabla hajaondoka, mkubaliane: kila bumu utatoa hiki, hakizidi. Akikataa siku ya katikati, asiitwe mkaidi. Fedha iliyokubaliwa mezani haimuui mtu. Inayomuua ni ile ya simu ya ghafla saa mbili usiku, mama analia upande wa pili.

Na mwingine atasema, "Siwezi kumweleza mtoto hali yangu, atakata tamaa ya masomo." Jamani! Huyo mtoto amekulia kwenye nyumba yako. Anajua ni lini mlikula mara moja. Asichojua ni hesabu. Mwambie: mwaka huu nina kiasi hiki, muhula wa kwanza nitaweza, wa pili sina uhakika, tutafanyaje? Akijua mapema, anakwenda kwa mhasibu mapema kuomba kulipa kwa awamu. Asipojua, anakuja ofisini kwangu wiki ya mitihani, analia, na mimi wiki ya mitihani sina ninaloweza kufanya.

Sasa nije kwenye lile ambalo wazazi Wakatoliki mnaniambia kila mwaka, na leo naomba tulimalize. Mnasema, "Sisi tumempeleka chuo cha Kanisa kwa sababu mapadre na masista watamwangalia." Mnakosea. Chuo kikuu cha Kanisa si seminari ndogo. Hakuna kengele ya kulala. Hakuna sista atakayegonga geto saa nne usiku kuuliza umekula nini. Tuna kapela, tuna mlezi wa kiroho, tuna TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, Misa ipo kila siku kwa anayetaka. Kwa anayetaka! Hati ya Papa Yohane Paulo II juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae, ya tarehe 15 Agosti 1990, inasema uhuru wa dhamiri ya kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Ndiyo maana tuna wanafunzi Waislamu, Walutheri, Wapentekoste, na hakuna anayelazimishwa kwenda Misa. Kama kuna mzazi Mwislamu amekuja leo, karibu sana, mwanao atasoma kwa amani. Avae kwa heshima kama wenzake wote, afuate taratibu za chuo.

Kanisa halikuanzisha vyuo hivi kuwapokonya wazazi malezi. Nyegezi pale Mwanza, Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo cha mafunzo ya kijamii mwaka 1960, kabla hata ya uhuru, kwa sababu nchi ilikuwa inahitaji watu wenye ujuzi. Ndicho kilichokuja kuwa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mwaka 1998. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wa msingi. Sasa wewe unamleta mtoto getini na begi na godoro, unaniambia "nimekukabidhi," unaondoka, tunaonana mahafali. Mimi sipokei. Napokea mwanafunzi. Mtoto anabaki wako.

"Lakini Kanisa ni letu, mbona ada kubwa?" Hilo nalijibu kwa kifupi, Baba Paroko ameangalia saa. Mhadhiri analipwa mshahara, umeme unalipwa, maabara inanunuliwa, na sadaka ya Jumapili haiendi huko. Kozi nyingi ada inapita milioni moja kwa mwaka, na udaktari ni mara kadhaa ya hiyo. Ukijua hivyo mwezi wa saba utajipanga. Ukishtuka mwezi wa kumi na moja, umechelewa.

Turudi kwenye la kufanya nyumbani, na hili naomba muandike. Ada ilipwe chuoni, isipitie kwenye simu ya mtoto. Mtoto anachukua namba ya malipo kwenye akaunti yake ya chuo ya mtandaoni, anakutumia, unalipa wewe mwenyewe benki au kwa simu yako, stakabadhi inabaki kwako. Si kwamba humwamini. Unamwondolea mtihani asioweza kuushinda akiwa na njaa. Na bima ya afya, shilingi 50,400 kwa mwaka, lipeni pamoja na ada ya kwanza, msiiache. Nimeona mtoto ana malaria kali, wenzake wanapitisha kofia.

Matokeo pia. Kila mwisho wa muhula, akirudi likizo, kaa naye, mwambie afungue akaunti yake ya chuo mbele yako. Msikubali picha iliyotumwa. Picha mtu anatengeneza. Muulize ana sapu ngapi. Sapu siyo msiba, ni mtihani wa marudio, na wengi wanaofaulu vizuri wamepitia. Ukimfokea kwa sapu moja, ya pili hutaambiwa. Wastani wa alama, ile GPA, ukishuka chini ya 2.0, hapo ndipo pa kuogopa, maana hapo kuna kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na mtoto anayekaribia kudisko anahitaji mzazi anayejua, si mzazi anayeshangazwa.

Malazi. Mwaka wa kwanza, kama kuna nafasi hosteli ya chuo, akae hosteli. Geto lina uhuru ambao mtoto aliyetoka shule ya bweni moja kwa moja hajauzoea, na kuna hawa wanaoanza kuishi kama mume na mke kwa sababu ya kugawana kodi. Ndiyo, kugawana kodi. Nanyi mnadhani ni mapenzi tu! Hilo lina mhadhara wake, sitalifungua.

Afya ya akili nilitaka niseme zaidi. Nitasema neno moja tu: mtoto akikuambia "sijisikii vizuri, nataka kurudi nyumbani," usimjibu kwa kumtajia ng'ombe uliowauza. Mwulize amelala saa ngapi, amekula nini, amezungumza na nani. Kisha mwambie aje ofisini. Mlango wangu hauna ada.

Imani, TMCS, kuchagua kozi: nimeshaambiwa muda umekwisha. Nachukua maswali mawili.

Mama mmoja ameuliza: kama mtoto ameshakula ada, na mzazi amegundua leo, afanyeje? Swali zuri, na ndilo ambalo yule mzee hakupata nafasi ya kuuliza. Mama, usimpige, na usimfukuze. Njoo naye chuoni, nyote wawili, wiki hiihii. Mnaanza kwa mhasibu kujua deni kamili, maana tarakimu anayokuambia mtoto kwa woga huwa si yenyewe. Kama mitihani haijaanza na mnaweza kulipa sehemu, ombeni makubaliano ya awamu kwa maandishi. Kama hamwezi, anaandika barua ya kuahirisha masomo kabla ya mitihani, siyo baada. Akiahirisha kwa utaratibu nafasi yake inabaki, anarudi mwaka unaofuata. Akitoroka kimya, anahesabiwa ameacha chuo. Na kama ana mkopo, mwende mkamwone ofisa mikopo siku hiyohiyo, kwa sababu Bodi nayo lazima ijue ameahirisha.

La pili, baba pale nyuma. Umeuliza nyaraka za mkopo kwa anayeomba mwaka ujao. Anzeni na cheti cha kuzaliwa, kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, sasa hivi, msingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe hukohuko. Majina yafanane na ya vyeti vya shule, herufi kwa herufi. Mwenye tatizo la majina abaki na mimi hapa baada ya sala.