Glovu Si Sare ya Shule

(Mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi moja ya kiangazi, Dodoma mjini, mbele ya waendesha baiskeli za milimani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza marudio tu.)

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mchomoke kabla sijamaliza, nawaona.

Mimi ni fundi cherehani. Riziki yangu kubwa ni sare za shule, na kila Desemba na Januari nasikia maneno yaleyale. Mama anakuja na mtoto wa darasa la kwanza, napima mabega, nataja inchi, naye ananitazama kama sijazaa. "Fundi, ongeza bwana. Mwache akue nayo." Naongeza. Mtoto anaondoka na shati linalofika magotini, mikono imekunjwa mara tatu. Sina ugomvi na hilo. Mtoto kweli anakua.

Sasa tangu mjue kwamba nashona na ninaendesha baiskeli, mmekuwa mkiniletea glovu zenu za kuendeshea. Kila ninayemuuliza kwa nini kachukua namba ile, jibu ni la yule mama: "Nilichukua kubwa kidogo ili zidumu." Zidumu vipi? Mkono wako wewe wa miaka arobaini unakua kwenda wapi? (Kicheko.) Nawaambia ninachokiona mezani kwangu: glovu nyingi mnazoniletea hazikuuawa na mawe ya vilima vya Ntyuka wala na miiba ya migunga. Zimeuawa na kutokaa mkononi. Mnazungumza ubora na ukubwa kama mambo mawili. Kwangu ni jambo moja.

Naomba hii ipite kwenu, taratibu. Mwenyewe yumo humu, anatabasamu, simtaji. Tazameni mgongoni kwanza: mpya kabisa, hata rangi haijapauka. Geuzeni. Hapo chini ya kidole cha pete kuna tundu linalopitisha ncha ya kidole changu. Tazameni ulipoanzia uchakavu: kuna mistari mitatu inakatiza kiganja, inang'aa kama imepigwa pasi. Tundu limefunguka juu ya mstari wa katikati. Mkono wa huyu bwana nimeupima ni inchi nane. Glovu ni namba kumi. Ile inchi mbili ya ziada lazima iende mahali, na ukishika usukani inakwenda kukunjamana katikati ya mfupa wako na raba ya mshikio. Kila tetemeko la tairi linasaga mkunjo uleule, mahali palepale.

Mafundi wenzangu wanalijua hili kwa kola. Shati la ofisini linaanza kuchanika wapi? Kwenye mkunjo wa kola, wakati shati lote bado zima. Ndiyo maana zamani tulikuwa tunageuza kola na mtu anaendelea kuvaa. Kiganja cha glovu huwezi kukigeuza.

Hii ya pili ni yangu, na ni aibu yangu. Niliinunua dukani, mjini hapa, ilinibana, muuzaji akaniapia kwamba itatanuka. Fundi mzima nikakubali! Wiki ya tatu mshono wa panda ya gumba, hapa gumba linapoachana na kidole cha shahada, ukafunguka kama mfuko wa karanga. Nilistahili. Kitambaa kinachovutika kilikuwa mgongoni tu, kiganja hakivutiki hata kidogo. Kila nikivuta breki, kidole cha shahada kinakwenda mbele, gumba limeng'ang'ania nyuma, na anayelipa ni uzi. Mteremko mmoja tu una breki ngapi? Uzi haukuwa mbovu. Ulifanyishwa kazi ya kitambaa.

Kwa hiyo kupima. Futi kamba ninayo shingoni, nitawapima wote kabla hamjaondoka. Izungushe kwenye kiganja, juu ya vifundo vya vidole vinne, gumba libaki nje. Mkono uwe umelegea, usiukunje ngumi. Pima mkono unaoutumia zaidi, maana mara nyingi ndio mnene. Soma upande wa inchi. Katika vipimo vya Ulaya vya glovu za kazi, namba ndiyo inchi zenyewe: namba 7 ni milimita 178 kuzunguka kiganja, 8 ni 203, 9 ni 229. Zidisha namba yako kwa 25.4 utaona. Mpangilio wa kuziweka glovu katika namba unatokana na Mfaransa mmoja wa Grenoble, mji wa washona glovu, Xavier Jouvin, miaka ya 1830. Kabla yake glovu nzuri ilikuwa ya kupimiwa, kama suti.

Lakini glovu za baiskeli nyingi zinakuja na herufi, S, M, L, na M ya kiwanda hiki ni L ya kile. Herufi ni salamu tu, usiiamini. Na kuna kipimo cha pili ambacho watu hukiruka: urefu, kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Ile namba 7 imekatwa kwa mkono wenye urefu wa milimita 171, na 8 kwa wa 182. Wanawake wenzangu, hapa ndipo tunapoonewa. Mimi kiganja changu ni chembamba na vidole ni virefu. Nikichukua inayonienea kiganjani, vidole vinagonga ukuta. Nikichukua ya vidole, kiganja kinaogelea. Nimeishia kuchukua inayokaa vidoleni na kupunguza ubavu kwa mkono, upande wa kidole cha mwisho, mshono mmoja tu. Nitawaonyesha.

Dukani sasa. Usivae glovu ukanyoosha vidole kama unaapishwa. Hakuna anayeendesha hivyo. Omba mpini wa ufagio. Nimefanya hivyo mara nyingi, muuzaji anadhani nataka kumfagilia duka. (Kicheko.) Mpini una unene unaokaribiana na mshikio wa baiskeli. Ushike kama usukani, halafu kwa mkono mwingine jaribu kufinya kitambaa cha kiganjani. Ukipata mkunjo wa kufinyika, rudisha, ni kubwa. Tazama katikati ya vidole: kitambaa kifike hadi shinani. Kikibaki juu kama daraja, kila mshono pale unavutwa. Mwisho nyoosha kidole cha breki. Ncha ya glovu ikibaki tupu, hiyo ndiyo itakayokunjika kwenye mkono wa breki siku unayoihitaji breki kuliko siku zote.

Mtanisamehe nitoke nje ya mshono kidogo. Mwezi wa saba nilianguka nikishuka njia ya Ntyuka. Mnapajua pale, mwamba halafu juu yake changarawe nyembamba, ni kama kukanyaga mtama uliomwagika kwenye sakafu ya saruji. Gurudumu la mbele likaondoka, nikatua kwa viganja, nikaburuzika. Glovu yangu ina kovu hili hapa, kwenye kitako cha kiganja. Mkononi sikuwa na jeraha. Mwenzangu alianguka palepale wiki iliyofuata na glovu ghali kuliko yangu, kubwa. Ilizunguka mkononi. Kiraka kigumu kikaenda mgongoni, na kiganja kikakutana na mwamba kupitia kitambaa laini cha pembeni. Tulimtoa mchanga kwa pamba na maji ya chumvi, na alisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee.

Malighafi. Nitakwenda haraka kwa sababu mengi mnayajua. Ngozi ya mbuzi ni nzuri sana, nyembamba na imara, na mkoa huu mbuzi si habari mpya. Lakini ngozi inataka mafuta, na hewa yetu ya kiangazi haina huruma. Ukiilowesha jasho ukaianika juani, inakauka kama ngozi ya ngoma, ukiikunja inapasuka. Ile ngozi bandia ya nyuzi ndogondogo, inayofanana na swedi, haisinyai, unaifua, na ndiyo ninayowashauri. Lakini angalieni isiwe ile iliyopakwa utando wa plastiki juu ya kitambaa.

Hiyo ya utando ina tabia moja mbaya. Nilipata jozi mtumbani, sokoni, haijavaliwa, karatasi ya bei bado inaning'inia. Nikafurahi kama nimeokota. Safari ya pili kiganja kikaanza kumwaga magamba meusi, nikidhani ni raba ya mshikio. Utando huo wa plastiki, wa poliurethani, unaoza ukiwa kabatini, unakula unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, hata kama hakuna aliyeugusa. Sisi Dodoma ni kavu, lakini hujui jozi hiyo ililala kwenye ghala la nchi gani, kwa miaka mingapi. Kabla hujalipa, kunja kiganja cha glovu mara mbili na usugue mkunjo kwa kucha. Kikitoa vumbi au mipasuko midogo, iache hapo hapo.

Kuna aliyeniuliza kuhusu namba zinazochapwa kwenye glovu za ujenzi, EN 388. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha uimara wa glovu za kazi. Namba ya kwanza inaeleza inavyostahimili kusuguliwa kabla ya kutoboka, kuanzia mizunguko 100 ya msasa kwa daraja la 1 hadi 8,000 kwa daraja la 4. Glovu za baiskeli kwa kawaida hazina alama hiyo, na glovu nyingi za ujenzi ni ngumu mno, hutaisikia breki.

Na sponji ya kiganjani? Nasema wazi, mimi siipendi ikiwa nene. Inaongeza unene wa kushika, unakamata kwa nguvu zaidi, mkono unachoka mapema. Na ikihama mahali pake inatengeneza mkunjo wa pili, tumeshaona mkunjo unafanya nini. Wenye kufa ganzi kidole cha mwisho na cha pete, huo ni mshipa wa fahamu unaopita upande huo wa kiganja, unagandamizwa. Sponji nyembamba mahali pake inasaidia, lakini kwanza tazama usukani na kiti vimekaaje. Ukimwaga uzito wote mikononi, hakuna glovu itakayokuokoa.

Vumbi letu sasa. Mwamba wa hapa ukisagika unatoa chembe kali, ile inayong'aa kiganjani ukishika mchanga wa korongoni. Inaingia ndani ya glovu, jasho linakauka na kuacha chumvi, umejitengenezea msasa. Kung'uteni glovu kila mkifika nyumbani. Kufua: zivaeni, nawa mikono kwa sabuni ya mche na maji ya baridi kama unanawa kabla ya kula, suuza, vua. Jiki ni marufuku. Klorini inaua ule mpira wa kuvutika mgongoni. Anika kivulini, zikining'inia kwa kifundo, msizitandaze juu ya bati. Na velkro, ule mkanda wa kunata wa kifundoni, ifungwe kabla ya kufua, la sivyo inatafuna kitambaa cha mwenzake. Mswisi aliyeibuni, George de Mestral, alianzia kwenye mbegu zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake mwaka 1941. Angepita shamba lolote la hapa baada ya masika akiwa na suruali ya sufu, kishonanguo kingemfundisha yote. Velkro ikikataa kushika, mara nyingi haijafa, imejaa nyuzi. Chokonoa kwa sindano.

Mzee pale anauliza zile za nusu kidole. Shikamoo mzee. Kwa barabara ya lami sikuzuii. Kwa vichaka vyetu, mgunga haukuulizi unakwenda wapi. Vaa za vidole vizima. Na ukivua, usivute kwa ncha za vidole kama unakamua ng'ombe. Geuza kuanzia kifundoni.

Kushona. Mshono ukifunguka nileteeni mapema, ukiwa wa sentimita moja. Msimpelekee mtu akapitishe cherehani kwenye kiganja: kila sindano inatoboa tundu jipya, na matundu yakikaribiana kiganja kinachanika kama stempu. Napita kwa mkono kwenye matundu yaleyale ya zamani, kwa uzi wa poliesta niliouburuza kwenye nta ya nyuki. Kiraka nakiweka nje, pembe nimezikata duara, maana kikiwa ndani utakisikia kila tuta. Kiganja kikishakuwa chembamba hadi unaona mwanga, msinibembeleze. Nitakata velkro yake nimpe mwingine.

Basi. Hizi jozi sita hapa mezani hazina wenyewe, ni za majaribio, namba 7 hadi 9, na mpini wa ufagio ule pale. Mzee, tuanze na wewe. Nipe mkono wa kulia, uulegeze. Usinipe wa salamu.