Ukifikia hoteli ya Namba, Osaka: twende nikutembeze

Habari zenu ndugu zangu, wa Dar, wa Mombasa, wa Bukavu, wa Muscat, popote mnaponitazama. Leo nipo Osaka, Japani, mtaa wa Namba. Nimechukua chumba kwenye hoteli ndogo hapa karibu na stesheni, kwa sababu watu wetu wengi wakija Osaka, iwe kwa biashara, kwa semina au kwa matembezi, wanafikia huku huku. Treni ya Nankai inakuchukua uwanja wa ndege wa Kansai, inakushusha Namba moja kwa moja. Ile ya haraka ni kama dakika 40 tu. Unaingia chumbani, unaweka mabegi, halafu unabaki kujiuliza: sasa naenda wapi?

Basi vaa viatu vya kutembea, tutoke.

Kabla sijageuza kamera, kuna jambo moja nataka ulishike, maana litakufanya uuone mji huu tofauti na anavyouona mtu aliyekuja kupiga picha na kuondoka. Osaka ni mji wa wafanyabiashara. Zamani Tokyo, ambayo ilikuwa ikiitwa Edo, ilikuwa ya watawala na askari wao. Huku walikaa watu wa mchele, mafuta, vitambaa na mikopo. Na sehemu kubwa ya vitu utakavyovipenda hapa haikujengwa na serikali. Ni watu walitoa mfukoni mwao. Sisi tunaolelewa kwenye michango ya harusi na misiba tutauelewa mji huu haraka kuliko wageni wengi.

Haya, tazameni. Hizi taa zote, huyu kaa mkubwa anayechezesha miguu juu ya mlango, na yule mkimbiaji aliyeinua mikono, tangazo la pipi la Glico lililowekwa mara ya kwanza mwaka 1935: hapa ni Dotonbori, na kutoka hotelini ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Watu wanajaa kwenye daraja hili la Ebisu, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe angalia chini. Haya maji ni mfereji uliochimbwa kwa mikono. Aliyeanza kuuchimba mwaka 1612 alikuwa mkazi wa hapa anayekumbukwa kwa jina la Doton, akitumia mali yake mwenyewe. Vita ikaja, akafa mwaka 1615 kabla kazi haijaisha. Ndugu zake wakaumaliza mwaka huo huo, na bwana mpya wa mji akaamua mfereji uitwe kwa jina lake, ingawa Doton alikuwa amekufa akiwa upande ulioshindwa. Jambo hilo hunigusa kila nikipita hapa.

Chakula: takoyaki ndiyo ya kuanza nayo. Ni viduara vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, watu wa pwani mtavipenda. Vumilia vipoe, ndani vina moto sana. Ile chapati nzito ya kabeji, okonomiyaki, mara nyingi inawekewa nyama ya nguruwe, kwa hiyo kama huli, sema mapema, neno lao ni "buta". Migahawa yenye cheti cha halali ipo Namba. Itafute kwenye ramani ya simu kabla njaa haijakuuma.

Sasa nifuate kwenye hiki kichochoro, ni nyuma tu ya kelele zote zile. Hapa ni Hozenji, hekalu la Wabudha. Sanamu hii ya Fudo, mlinzi katika imani ya Kibudha, imefunikwa na kuvumwani, vile vimimea vya kijani vya sehemu zenye unyevu, mwili mzima, kwa sababu kila anayekuja kuomba humwagia maji kwa kata. Mwaka 1945 mabomu yaliunguza mtaa huu na hekalu lake, sanamu ikabaki. Wenyeji wanaendelea kuja hadi usiku, wahudumu wa baa, wapishi, wazee. Simama pembeni, wape nafasi, na kamera yako usiielekeze kwenye nyuso zao.

Soko la Kuromon lipo karibu pia, lakini siku hizi bei zake zimeelekezwa kwa watalii. Pita uone samaki walivyopangwa, kisha ukale kwingine.

Ukielekea kusini, kama dakika 25 kwa mguu, unafika Shinsekai, na mnara ule unaouona ni Tsutenkaku. Wa kwanza ulisimama mwaka 1912. Mwaka 1943 uliungua, ukabomolewa na chuma chake kikapelekwa vitani. Vita vilipoisha mtaa ulikuwa umechakaa, na wakazi na wenye maduka wa hapa hapa wakakusanya mtaji wakajenga mnara mpya, ukafunguliwa mwaka 1956. Si mrefu, takribani mita 100. Jengo la Abeno Harukas, jirani tu, lina mita 300. Ukiniuliza nipande lipi, nitakwambia kwa kuona mbali panda Harukas. Kwa kukaa na watu, baki chini ya Tsutenkaku, kula kushikatsu, vile vijiti vya nyama na mboga vya kukaanga. Pale ambapo mchuzi ni wa wote, ukishang'ata kijiti chako, usikirudishe kwenye bakuli. Hilo hawana mchezo nalo.

Kesho yake asubuhi nenda kwenye ngome, Osaka-jo, ukiwa na nguvu. Kwa treni ya chini ya ardhi shuka Tanimachi 4-chome. Kwenye ngazi za umeme, hapa watu husimama kulia na kuacha kushoto wazi. Tokyo ni kinyume chake.

Ngome hii aliianzisha Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyeiunganisha Japani, mwaka 1583. Ukoo wake ukaangushwa mwaka 1615, na washindi, akina Tokugawa, wakaifukia ngome yake na kujenga nyingine juu yake. Kuta hizi za mawe ni za Tokugawa. Usipite haraka hapa, pita lango la Sakura usimame mbele ya hili jiwe, wanaliita Tako-ishi. Uzito wake unakadiriwa tani 108, na liliburutwa na kuvushwa bahari bila krini wala injini. Mabwana wa majimbo ya magharibi walilazimishwa kila mmoja kuleta sehemu yake ya ukuta.

Mnara wa juu, huu mweupe wenye dhahabu, ni habari nyingine kabisa. Ule wa Tokugawa uliungua kwa radi mwaka 1665, na kwa zaidi ya miaka 260 mji ukakaa bila mnara. Mwaka 1928 meya Seki Hajime akapendekeza ujengwe, wananchi wakachanga yeni 1,500,000, na mwaka 1931 ukawa tayari, wa zege. Utasikia watalii wakilalamika kwamba una lifti ndani, kwamba si wa kale. Sikubaliani nao kabisa. Mabwana walijenga kwa amri. Huu wa 1931 ndio mnara pekee kati ya yote mitatu ambao watu wa Osaka waliutaka wenyewe. Kiingilio sasa ni yeni 1,200, na tikiti hiyo inakuingiza pia kuona ukuta wa Hideyoshi uliofukuliwa chini ya ardhi, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2025.

Ukibaki na muda wa sehemu moja tu, nipe mimi nichague. Panda laini ya Midosuji, ile nyekundu, kutoka Namba vituo vitatu hadi Yodoyabashi, uvuke uingie kisiwa cha Nakanoshima. Jengo hili la matofali mekundu ni ukumbi wa umma wa mji. Mfanyabiashara wa hisa, Iwamoto Einosuke, alikwenda Marekani akaona matajiri wakijengea umma maktaba na kumbi. Aliporudi, mwaka 1911, akaupa mji wa Osaka yeni milioni moja. Ujenzi ukiendelea, vita vya kwanza vya dunia vikayumbisha soko na yeye akapoteza mali. Watu wakamshauri aombe walau sehemu ya pesa irudishwe. Akakataa. Mwaka 1916 alijitoa uhai, na ukumbi ukakamilika mwaka 1918, yeye hayupo. Einstein amezungumza humu mwaka 1922, na Gagarin, binadamu wa kwanza kufika anga za juu, naye akaja mwaka 1962. Leo kwaya za shule zinaimba humu. Ingia, pandisha ngazi taratibu, soma jina lake.

Na laini hii hii ya Midosuji, ukiipanda tena, endelea nayo kaskazini hadi kituo cha Minoh-semba Handai-mae. Hapo pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Osaka ambako vijana wa Kijapani wanasomea Kiswahili kama somo lao kuu la shahada. Chuo cha lugha kilichozaa idara hizo kilianzishwa mwaka 1921 kwa yeni milioni moja zilizotolewa na mama mmoja, Hayashi Choko, mjane wa mwenye kampuni ya meli. Mama yule alitoa, na leo lugha yetu ina kiti chake Osaka. Ukikutana na wanafunzi hao, usiwajibu kwa Kiingereza. Zungumza nao Kiswahili chako cha nyumbani, polepole kidogo, wakosee, urekebishe, mcheke pamoja, maana wengi wao hawana mtu wa kuongea naye wakitoka darasani.

Video ijayo tunakwenda Kobe, chini ya saa moja kwa treni kutoka Namba. Nitawaingiza kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 1935 kwa michango ya wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wakiishi bandarini pale, na ambao mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995 vyote viliuacha umesimama. Maswali ya viza na nauli niandikieni hapo chini, nitayajibu yote.